Dijei, muache stelingi apumue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu wa kidato cha sita kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Kiingilio shilingi 500, mabenchi ya mbao, feni moja inayozunguka ikipenda yenyewe. Walikuwa wanaonyesha Watchmen, ile tamthilia ya mwaka 2019 ya HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, iliyotafsiriwa na mmoja wa hawa madijei wetu wanaoingiza sauti. Suala la hakimiliki nawaachia wenyewe. Kazi ya vijana hawa naipenda, maana bila wao nusu ya mtaa wangu ingekuwa inaangalia midomo tu. Ila sehemu ya sita ilinirudisha nyumbani na kinyongo.

Kwa ambaye hajaiona: Angela Abar, askari polisi anayevaa barakoa (anaigizwa na Regina King), amemeza vidonge vyenye kumbukumbu za babu yake, Will Reeves, akazama humo. Picha inageuka kuwa nyeusi na nyeupe. Tupo New York mwaka 1938, na Will ni kijana mweusi aliyeapishwa upolisi juzi tu. Anamkamata Mzungu aliyechoma duka la Myahudi. Haupiti muda, mtu huyo yupo mtaani anatamba. Will anahoji, na jibu analipata usiku: polisi wenzake wanamvika mfuko kichwani, wanamtia kitanzi, wanamnyonga mtini, kisha wanakata kamba kabla roho haijatoka. Safari nyingine, wanamwambia, hatutaikata.

Mwongozaji, Stephen Williams, ametuingiza sisi watazamaji ndani ya mfuko ule. Unachoona ni kitambaa, unachosikia ni pumzi ya mtu anayekata roho. Hapo ndipo dijei wetu alipoona pana pengo la kujaza. "Stelingi hafi, tulieni!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mjukuu wangu naye alicheka, simlaumu.

Will anarudi nyumbani kwa miguu, kitanzi bado kinaning'inia shingoni, mfuko mkononi. Kichochoroni anakuta watu wanamshambulia mume na mke. Anautoboa mfuko uleule matundu ya macho, anauvaa, anaingia kazini. Shujaa wa kwanza mwenye barakoa anazaliwa kutokana na kitambaa alichovikwa na wauaji wake. Halafu mkewe, June, anamshauri apake rangi nyeupe kuzunguka macho, ili watakaochungulia kupitia matundu yale wadhani ni Mzungu. Mashujaa wengine tuliowazoea huficha jina. Huyu anaficha ngozi, kwa sababu anajua mji ungemshangilia Mzungu na kumpiga risasi yeye. Hata wale mashujaa wenzake wanaomkaribisha kundini, anapowaita Harlem, mtaa wa watu weusi jijini humo, kwenye jumba la sinema ambako picha imetumiwa kuwatia watu weusi wazimu wauane, hawaji.

Lakini lililoniuma zaidi ni Tulsa. Kila kumbukumbu za utotoni zinapomjia Will, mama yake yupo anapiga piano na mji unaungua, dijei alikuwa akitangaza kwamba hiyo ni "vita ya kubuni, kama ile ya kwenye sayari". Sayari gani? Tulsa ipo Oklahoma, Marekani. Tarehe 31 Mei 1921 gazeti moja la jioni la mjini humo liliandika kwamba kijana mweusi mpiga kiwi, Dick Rowland, alimshambulia msichana wa Kizungu ndani ya lifti. Mashtaka hayo yalikuja kufutwa baadaye, lakini jioni ile kundi la Wazungu lilikusanyika mahakamani kumtaka. Watu weusi, baadhi yao askari waliotoka kupigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakaja kumlinda. Risasi moja ikalia. Hadi mchana wa kesho yake, mtaa wa Greenwood, uliojaa maduka na hoteli za watu weusi, ulikuwa majivu: nyumba zaidi ya 1,000. Lile jumba la sinema unaloliona mwanzoni mwa tamthilia, Dreamland, lilikuwepo kweli, na liliungua kweli. Tume iliyotoa ripoti mwaka 2001 ilisema huenda waliokufa wanafika 300. Kampuni za bima hazikulipa. Na wewe Mhariri, kwa kazi yako, utaona mwenyewe kiberiti kiliwashwa na nani.

Karibu na mwisho Will anamkuta mwanawe mdogo mbele ya kioo, amejipaka rangi ile nyeupe machoni, anajifanya baba. Will anamkamata, anamsugua uso huku akifoka, mtoto analia. June anaondoka na mtoto. Mjukuu wangu alinigeukia, "Babu, kwa nini anamkasirikia?" Sikuweza kumjibu, kwa sababu dijei alikuwa anataja namba zake za simu.

Nasikia sehemu ya saba ataitoa karibuni. Humo Angela ni mtoto mdogo huko Vietnam, na wazazi wake wanauawa na bomu akiwaona. Namuomba dijei, kama anasoma gazeti hili, pale anyamaze. Namba za simu azitaje mwanzoni.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Morogoro