Wanangu, mrudishieni mzee kijembe chake

Wanangu mnaoendesha bustani za wazee,

Nimekaa na maneno haya kifuani kwa majuma matatu, nikingoja hasira ipoe. Imepoa kidogo tu, basi nivumilieni.

Nilialikwa kwenye uzinduzi wa bustani ya wazee. Matuta yamenyooka, miche ipo, fulana za rangi moja zipo. Sisi wazee tukaketishwa kivulini. Vijana wakalima, wakapanda, wakamwagilia, nasi tukaambiwa tupige makofi. Mama mmoja aliyekaribia miaka 80 akainuka, akachukua kijembe, akaanza kuufukua mche uliozikwa shina lote hadi kwenye majani. Aliona kwamba utaoza. Kijana akamkimbilia: "Bibi, pumzika, tutafanya sisi." Akamtoa kijembe mkononi. Baada ya muda akamrudishia, akamwomba akishike vizuri apigwe picha.

Yule mama alirudi kitini bila kusema neno. Hajakanyaga pale tena, na kwenye daftari lenu ameandikwa mtoro.

Najua kijana yule alitenda kwa moyo mwema. Simlaumu yeye peke yake. Lakini kaeni chini mfikiri: bustani ile ilianzishwa kwa ajili ya afya ya nani? Msuli usiotumika hunywea, na kwetu hunywea upesi kuliko kwenu. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na siku 3 au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara ili wasianguke. Kupalilia, kubeba nusu ndoo ya maji, kuinama na kuinuka, kuzunguka tuta: mazoezi yenyewe ni hayo. Kijana alipomketisha yule mama, alimnyima kile kile mlichomwitia.

Halafu mliamua wenyewe kipandwe nini, wapi, lini. Watu waliolima miaka 50 wanasomewa karatasi ya namna ya kupanda! Mpeni kila mzee tuta lake, aamue mwenyewe, akosee mwenyewe. Mtu anayejua kwamba kuna mche unaongoja maji yake asubuhi huamka. Nimeona mjane aliyekuwa hatoki chumbani akianza kutoka kwa sababu ya tuta moja dogo, kisha akaanza kusemezana na jirani wa tuta la pili, kisha wakawa wanatafutana mmoja asipoonekana. Hakuna semina ya upweke iliyomfanyia hivyo.

Mengine nayataja tu. Wasioweza kuinama wajengewe matuta ya juu, kama sentimita 60 hadi 75, yasiwe mapana kiasi cha mkono kutofika katikati. Njia zipitike kwa kiti cha magurudumu. Mipini iwe minene, vidole vyenye baridi yabisi havikamati kijiti chembamba. Kazi ifanyike jua likiwa pole. Maji ya kunywa yatolewe bila kungoja mtu aombe, maana uzeeni kiu huchelewa kuhisiwa. Anayetumia dawa za presha asiinuke ghafla. Ulizeni kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa kuwa vijidudu vyake hukaa udongoni. Na choo kiwe karibu. Hilo tunaona haya kulisema, lakini kuna wanaobaki nyumbani kwa sababu hiyo tu.

Wala siwalaumu ninyi peke yenu. Jamii nzima imejifunza kutupenda kwa kutuondolea vitu: kwanza funguo, kisha pesa, kisha kisu cha jikoni, mwisho hata neno la kusema juu ya chakula chetu. Tukinyamaza, wanasema uzee umetulemea. Na miradi yenu inaishi umri wa mfadhili. Akiondoka, bomba linakauka, na mzee aliyekwisha kulizoea tuta lake anaachwa alitazame likifa. Msianzishe kitu msichoweza kukimwagilia mwaka wa pili.

Nendeni nyumbani kwa yule mama. Msibebe kamera. Mwombeni radhi, mpeni kijembe, mmwulize lile tuta la pembeni angependa kulipanda nini. Akitaja kitu kisichokuwemo kwenye mpango wenu, kitafuteni mbegu yake.

Mzee wenu