Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Kitengo cha Wanafizikia Wanaoanza Kazi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumepata tulichokuwa tukikiomba tangu kitengo kianzishwe: kiti katika Baraza Kuu la chama, tena chenye kura. Zamani tulialikwa kama watazamaji. Mjumbe wetu aliketi mwisho wa meza, akapewa dakika chache kwenye "mengineyo", akashukuriwa na kuruhusiwa kuondoka. Kufikia hapo ada, ruzuku na ratiba ya kongamano vilikuwa vimeshaamuliwa.

Upinzani ulikuwapo, na haukuwa wa kipuuzi. Baadhi ya wajumbe wakongwe waliuliza: hawa wenye mikataba ya miaka miwili mitatu, leo wako maabara hii, kesho bara jingine, nani atafuatilia kazi hadi iishe? Tukajibu kwamba kiti ni cha kitengo, si cha mtu. Mjumbe akihama, naibu wake anashika nafasi hapo hapo. Kanuni ilipita kwa sharti hilo.

Kura ilipata kazi mapema. Mwanachama mmoja alinyimwa ruzuku ya safari kwa sababu miaka tangu apate shahada ya uzamivu ilikuwa imezidi kikomo. Sehemu ya miaka hiyo alikuwa nyumbani akilea, kisha akimuuguza mzazi. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha mwaka wa kuhitimu, na karani alitoa hesabu yake kama alivyoagizwa. Hatukuhitaji kubuni dawa. IUPAP, muungano wa kimataifa wa fizikia uliopo tangu 1922, hutoa tuzo kwa watafiti wasiozidi miaka 8 baada ya uzamivu, na muda ambao mtu alisimama kazi hauhesabiwi. Tumechukua utaratibu huo huo. Fomu mpya inauliza miaka ya utafiti, na haimlazimishi mtu kueleza alisimama kwa nini.

Jambo la pili lilikuwa fedha hizo zenyewe. Ruzuku ilikuwa ikilipwa baada ya safari: ujinunulie tiketi, ujilipie hoteli, utunze stakabadhi na vipande vya kupandia ndege, kisha usubiri. Kwa profesa huo ni usumbufu tu. Kwa anayeishi kwa posho ya utafiti ni mkopo anaoikopesha taasisi, na kuna waliokataa nafasi ya kuwasilisha kazi zao kwa sababu hiyo, wakasingizia ratiba. Sasa tiketi inakatwa na chama moja kwa moja. Hoteli bado, mweka hazina ana wasiwasi na ukaguzi, na mazungumzo yanaendelea.

Suala lililotuchukua muda mrefu zaidi ni la sifa ya kazi. Mwaka 2015 makundi mawili ya utafiti, ATLAS na CMS, huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, yalitoa makala ya pamoja kuhusu tungamo la chembe ya Higgs: kurasa 33, na kati ya hizo 24 ni orodha ya waandishi na taasisi zao, waandishi zaidi ya 5,000. Fikiria uko humo, jina lako limepangwa kwa alfabeti, na jopo la ajira linakuuliza ulifanya nini. Tumependekeza barua ya mchango, inayotiwa saini na kiongozi wa kundi dogo, ikitaja kigunduzi ulichokirekebisha au uchambuzi ulioufanya. Baraza limelipokea pendekezo bila kulipitisha.

Katika mijadala hiyo jina la mwanaastronomia Jocelyn Bell Burnell lilirudi mara nyingi: pulsa, nyota inayotoa mawimbi ya redio kwa mapigo, aliigundua mwaka 1967 akiwa mwanafunzi, na Nobeli ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle. Mimi huvutiwa zaidi na mwaka 2018, alipopewa tuzo ya dola milioni 3 na kuikabidhi kwa Institute of Physics ya Uingereza isomeshe wanafunzi wa uzamivu kutoka makundi yasiyowakilishwa vya kutosha. Aliikabidhi kwa chama cha taaluma. Nasi tumeomba chama chetu kifungue mfuko wa aina hiyo, hata kama utaanza mtupu.

Mpango wa walezi wa kitaaluma haukwenda vizuri. Waombaji wengi walitaka mlezi aliyetoka chuoni akaingia viwandani, hospitalini au kwenye kazi za takwimu, nasi tulikuwa na maprofesa. Maprofesa ni wema, lakini hawawezi kumweleza mtu njia ambayo hawakuipita. Kamati ijayo itafute wanachama waliotoka chuoni. Wengi bado wanalipa ada na hakuna anayewauliza kitu.

Mkutano mkuu utapigia kura hoja moja yetu: aliye kati ya mkataba na mkataba alipe ada ya mwanafunzi kwa muda usiozidi mwaka. Hesabu ziko katika taarifa ya mweka hazina. Mimi namaliza muhula wangu na sigombei tena. Nafasi zilizo wazi ni mwenyekiti, mjumbe wa Baraza na naibu wake. Fomu ziko kwa katibu, na kila anayegombea awe na wadhamini wawili kutoka kitengoni.