Kabla Hujarudia Kipimo cha Moyo, Njoo na Bahasha Yako

Juzi mama mmoja wa Pongwe aliingia hapa kliniki kwetu Ngamiani, Tanga, na kikapu cha ukili. Ndani yake, chini ya kanga, mlikuwa na bahasha tatu: eko tatu, yaani picha za ultrasound za moyo, alizopigwa ndani ya miezi miwili, sehemu tatu tofauti. Majibu yote mamoja: moyo unasukuma damu vizuri, valvu ziko salama. Kila alikokwenda alianzishwa upya, naye aliona aibu kuzitoa zile za zamani. Tulizitandaza mezani, tukazisoma moja moja, tukampima presha, tukamrudisha kwa daktari wake bila picha ya nne.

Kwamba kipimo kinakula pesa, kila mtu anajua. Kinakula na mazingira pia. Eko ndiyo nafuu kuliko zote: ni mawimbi ya sauti tu, haina mionzi, na umeme wake ni kidogo hata zipo mashine za kushika mkononi. MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ni habari nyingine. Sumaku yake hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na mtambo wa kuipoza haulali, awepo mgonjwa asiwepo. CT-Scan, ile inayopiga picha kwa eksirei, nayo hula umeme hata ikiwa inasubiri tu. Umeme ukikatika ni jenereta, na jenereta ni dizeli.

Halafu kuna dawa inayochomwa mshipani ili picha ing'are. Ile ya MRI ina madini ya gadolini. Figo huitoa kwa mkojo, inakwenda chooni, na mitambo ya kawaida ya majitaka haiikamati vizuri. Ujerumani walishaikuta mitoni tangu miaka ya 1990. Sisi ambao kibua na changu ndiyo kitoweo chetu, hilo linatuhusu.

Kifua kikibana, pumzi ikikatika au miguu ikivimba, usingoje, kapimwe. Daktari akikuandikia CT, au akakupeleka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar, nenda. Ugomvi wetu ni na kurudia bure. Ndiyo maana majibu yetu tunakutumia kwenye simu pamoja na vipande vya video ya moyo wako ukidunda, daktari wa pili aone kwa macho yake.

Njoo na bahasha, hata kama imekunjamana. Kuzisoma ulizokuja nazo hatulipishi.