Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: anzieni kwenye vidole

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: KUWATAMBUA MAPEMA WAGONJWA WA SKLERODERMA KWENYE ZAHANATI NA VITUO VYA AFYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa Waziri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Makete, na ninaishi na skleroderma ya mwili mzima. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe: mishipa midogo ya damu inabana, ngozi inakakamaa, na makovu yanajijenga ndani kwa ndani kwenye mapafu, njia ya chakula, moyo na figo. Hauambukizi. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana, lakini madhara yake mengi yanapunguzika ukiwahiwa, na suala hilo la kuwahi ndilo limenifanya nikuandikie.

Shida ni kwamba ugonjwa huu hauji mzima. Unakuja vipande vipande, na kila kipande kinaangukia kwenye chumba chake. Vidole vikifa ganzi tunaambiwa ni hali ya hewa ya Makete, tuvae glovu. Viungo vikivimba, ni baridi yabisi. Kiungulia kisichoisha kinakuwa vidonda vya tumbo. Kikohozi kikavu kinapelekwa kupimwa makohozi, na hata TB isipoonekana wapo wanaoanzishiwa dawa zake. Ngozi ikitoa madoa na vidole vikianza kupinda, mtaani wananong'ona ukoma, na wengine wanakwenda mbali zaidi wakasema mtu amerogwa. Waliotuhudumia walitibu kile walichokiona, na siwalaumu. Ila mgonjwa ni mmoja, na kwa wengi wetu inapita miaka kabla hajatokea mtu wa kututazama kuanzia kucha hadi pumzi kwa siku moja.

Na ukitazamwa hivyo, Mheshimiwa, mpangilio unaonekana. Kati ya wagonjwa 10, zaidi ya 9 wana tatizo la vidole kubadilika rangi kwa baridi, na mara nyingi ndilo hutangulia. Daktari wa Kifaransa Maurice Raynaud aliieleza hali hii mwaka 1862, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Vitabu vinasema kidole kinakuwa cheupe, kisha bluu, kisha chekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu rangi hizo hazijionyeshi waziwazi. Ncha zinapauka na kuwa rangi ya majivu, na anayetaka kuona vizuri atazame chini ya kucha na upande wa ndani wa vidole. Asubuhi ya Julai, ukichota maji ya bomba ufue au uoshe vyombo, vidole vinakufa kabisa. Unashika chaki na huisikii. Damu ikirudi, yanakuja maumivu ya kuchoma ambayo hukufanya usimame katikati ya somo.

Baada ya hapo vidole vinavimba, pete haivuki tena fundo. Baadaye uvimbe unakauka na ngozi inakaza. Mtu akijaribu kuifinya juu ya kidole hainyanyuki. Kwenye ncha vinatokea vidonda vidogo vinavyochukua miezi kupona na kuacha vishimo. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mashine ilivikataa vidole vyangu kimoja baada ya kingine, kwa sababu ngozi ya ncha ilikuwa imekaza na michoro yake kufutika. Hata kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni kinatushinda: vidole vikiwa baridi hakisomi, au kinatoa namba ya chini isiyo ya kweli. Muuguzi anayeufahamu ugonjwa anaupasha mkono joto kwanza, au anatumia kifaa cha sikioni. Asiyeufahamu anaandika alichokiona na kuendelea na mgonjwa mwingine.

Mwaka 2013 wataalamu wa magonjwa ya viungo wa Marekani na Ulaya walikubaliana juu ya vigezo vya pointi vya kuwaweka wagonjwa kwenye kundi hili. Zinatakiwa pointi 9. Ngozi iliyokakamaa kwenye vidole vya mikono yote miwili hadi kuvuka mafundo yanayounganisha vidole na kiganja inatoa pointi zote 9 peke yake, bila kipimo cha damu, alimradi hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi. Vigezo hivyo vilitungwa hasa kwa ajili ya utafiti, lakini vina maana kubwa kwa tabibu wa zahanati ya kijijini asiye na maabara ya maana: mikono ya mgonjwa inamwambia mengi kabla hajaandika karatasi ya rufaa.

Kuna njia mbili kuu ambazo ugonjwa unapita, na kuzitofautisha ni jambo la maisha. Kwa wengine vidole vinasumbua miaka mingi kabla ya dalili nyingine kubwa, na ngozi inakaza mikononi, miguuni na usoni tu. Hawa wanahitaji kufuatiliwa moyo na pumzi kwa muda mrefu, kwa sababu presha ya mishipa ya mapafu inaweza kuwapanda miaka mingi baadaye. Kwa wengine kila kitu kinakuja ndani ya miezi: kukaza kunapanda juu ya viwiko, kunashika kifua na tumbo, na hatari ya mapafu na figo ni kubwa zaidi katika miaka ile ya mwanzo. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba watu weusi huupata wakiwa na umri mdogo zaidi, mara nyingi zaidi kwa njia hii ya pili, na mapafu yao huumia zaidi. Kwa hiyo sisi ndio hasa tusio na miaka ya kupoteza tukizungushwa.

Wanawake ndio wengi, lakini wanaume wasisahaulike. Mwaka 1957 daktari aitwaye Erasmus aliandika kuhusu skleroderma kwa wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini, na tafiti zilizofuata zimeendelea kuuhusisha ugonjwa huu na vumbi la silika, yaani vumbi laini la mawe. Mchimbaji mdogo wa Geita au Mirerani anayekohoa bila TB kuonekana atazamwe vidole vyake pia.

Kuhusu madoa niseme kidogo, kwa sababu yanaumiza watu sana. Kwenye ngozi nyeusi skleroderma huacha mabaka yaliyopoteza rangi, huku vinukta vyeusi vikibaki kwenye vinyweleo. Baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia. La kwetu, pamba ikiligusa unasikia. Kipimo hicho hakina gharama, na kingewaepusha watu kutengwa na ndugu zao. Uso nao unabadilika. Mikunjo inafutika, na watu wanakusifu kwamba umerudi ujana, wakati wewe mdomo umeshabana kiasi kwamba kijiko cha kawaida hakipiti vizuri na hindi la kuchoma unalipukuchua ndipo ule. Halafu kuna uchovu, ambao ukiulizwa hata namna ya kuueleza unakosa. Umelala usiku kucha na unaamka kama hujalala. Mwalimu mkuu anaona mtu mzima, mnene vilevile, aliyekaa kwenye kiti wakati wenzake wamesimama.

Sasa jambo linalonitia hofu kuliko yote. Mtu mwenye viungo vilivyovimba, katika nchi hii, ni rahisi sana kupewa prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, na ni rahisi vilevile kuinunua mwenyewe duka la dawa, kwa sababu inaleta nafuu upesi. Kwa mwenye skleroderma ambaye ngozi yake inakaza kwa kasi, miligramu 15 au zaidi kwa siku zinahusishwa na hatari ya figo kushambuliwa ghafla. Presha inapanda, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, pumzi inakata, na figo zinaweza kufa ndani ya siku chache au wiki. Kabla ya dawa za jamii ya captopril kuanza kutumika kwa hali hii, karibu mwaka 1980, wengi walifariki ndani ya mwaka. Zilipoingia, wengi wakaanza kupona au kuishi. Captopril na enalapril ni dawa za presha za kawaida kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kushtuka. Presha ya 145 kwa mama ambaye daftari lake linaonyesha 105 miezi yote haitakiwi kuambiwa "punguza chumvi, urudi mwezi ujao". Inatakiwa apimwe mkojo na figo siku hiyohiyo na apelekwe hospitali.

Dawa nyingine za mwanzo nazo ni za kawaida. Nifedipine inafungua mishipa ya vidole, omeprazole inatuliza kiungulia. Dawa zilizo nzito ni za mapafu, zile za kutuliza kinga ya mwili. Cyclophosphamide ilionyesha faida katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, na mwaka 2016 mycophenolate ikaonekana kufanya kazi sawa nayo huku ikivumilika zaidi. Makovu ya mapafu ndiyo sasa yanayotuua zaidi kuliko figo, na yakishajijenga hayafutiki. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Naomba, Mheshimiwa, mgonjwa aliyethibitika asibaki nje ya kitita cha bima pale anapohitaji mycophenolate, picha ya CT ya kifua na echo, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Mshahara wa mwalimu hauzimudu, na wa mkulima wa viazi haupo kabisa.

Ombi langu kubwa, hata hivyo, ni dogo kwa bei. Naomba bango la ukurasa mmoja kwenye kila zahanati na kituo cha afya, lenye picha za mikono ya watu weusi kama sisi, kwa sababu picha za ngozi nyeupe hazimsaidii tabibu wa Ludewa wala Kilwa. Liseme: vidole vinavyobadilika rangi kwa baridi, na vimevimba au vimekaza, basi uliza kuhusu kiungulia na pumzi, sikiliza mapafu chini mgongoni, pima presha na mkojo, usianzishe prednisolone kwa kiwango kikubwa, toa rufaa. Nchi ina mahali pa kuanzia. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi tangu 1992, na wahitimu wake wamo mikoani. Wapewe kazi ya kupokea picha kutoka zahanati kwa simu na kujibu. Na skleroderma ipewe mstari wake kwenye takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, maana ugonjwa usiohesabiwa haupangiwi dawa.

Tarehe 29 Juni dunia huadhimisha siku ya skleroderma, kwa kumbukumbu ya mchoraji Paul Klee aliyefariki tarehe hiyo mwaka 1940, na anayeaminika kuwa aliugua ugonjwa huu. Huku kwetu Juni ndipo baridi inapokaza na vidole vinapoanza kupasuka. Naomba bango liwe ukutani kabla ya Juni ijayo. Zikihitajika picha za mikono, yangu ipo, na wenzangu ninaowafahamu wamekubali yao pia ipigwe. Jina na namba yangu ya simu vipo kwenye nakala niliyoituma ofisini kwako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Makete, Njombe.