Lile "Yes" la Kidato cha Kwanza

Ilala, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako ameniagiza nikuulize kama unakula. Barua hii ataileta mdogo wako Jumamosi akivuka na pantoni. Ningekupigia, ila kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Juzi ulilalamika kwamba hao Kidato cha Kwanza unaowafundisha kwenye BTP, mazoezi yako ya ualimu, wanakukodolea macho dakika 40 nzima kama wanamtazama mgeni aliyekosea nyumba. Usijilaumu. Watoto hao wamesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu ghafla karibu kila somo limekuwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Hata wewe ulilia muhula mzima, umesahau tu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu. Mwaka wangu wa pili kazini nilimuuliza mvulana mmoja, "Didn't you do the homework?" Akasimama wima, akajibu, "Yes, sir." Nikamwambia alete daftari. Tupu. Nikamchapa viboko vinne: viwili vya kazi, viwili vya uongo.

Miaka ikapita. Jioni moja nimerudi nimechelewa, namkuta mama yako barazani. Nikamuuliza, "Hujala?" Akajibu, "Ndiyo." Maana yake hajala, ananisubiri. Chakula chenyewe kilinishinda usiku ule. "Ndiyo" yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji. "Yes" ya Mwingereza inafuata tendo, limefanyika au halikufanyika. Yule mtoto alikuwa amenijibu kweli tupu, kwa Kiswahili safi kilichovaa nguo za Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa sijaelewa, tena nimeshika fimbo.

Kwa hiyo mtoto akikosea, kabla hujaichukua kalamu nyekundu, lirudishe kosa lake kwenye Kiswahili uone lilikotoka. Akikwambia "I hear cold", usicheke. Kwetu baridi husikiwa, njaa husikiwa, hata harufu husikiwa, wala sikio halihusiki. Akiandika "My mother he is a farmer", huyo hajamdharau mama yake: ile "a" ya "analima" haijui mume wala mke, na "yeye" vilevile. Na "I have gone there yesterday"? Simama kituoni hapa Ilala dakika tano tu usikilize watu wangapi wanasema "jana nimeenda". Ukishamwonyesha njia aliyopita, kurudi si kazi kubwa. Mambo ya r na l usiyapotezee vipindi; nilijaribu, nikachoka mimi.

Kipindi cha Jumatatu anza na hilohilo la "Hujala?" Waulize kwa Kiswahili kwanza, waache wajibishane wenyewe, ndipo uandike swali la Kiingereza ubaoni. Watabishana. Kelele zikizidi, mwalimu wa darasa la jirani atachungulia; mwamkie na uendelee.

Najua andalio la somo halina nafasi ya vitu hivi, na msimamizi wako akija atataka kusikia Kiingereza kitupu. Siku hiyo mpe Kiingereza kitupu. Chuo cha ualimu pale Chang'ombe nami nilipita, zamani, kabla hapajawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005, na sisi pia tulikuwa na masomo ya siku ya msimamizi na masomo ya siku nyingine.

Kwenye kikapu kuna visheti vya mama yako, na chini yake daftari langu la makosa, lile nililolianza baada ya jioni ile ya barazani. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini za maswali ya kukanusha zipo zote. Usimwazime mtu.

Ni mimi baba yako