Bustani zetu: tuanze na tuta moja

Habari za jioni ndugu zangu. Naona wengi mmeshatuma picha za pakiti za mbegu. Hongereni, ila msizifungue kwanza.

Kesho na keshokutwa uangalie uwanja wako saa mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi jioni. Jua linafika wapi, na kivuli cha mwembe au ukuta wa jirani kinaangukia wapi? Mboga zinataka angalau masaa 6 ya jua kwa siku. Kumbuka pia maji yanatuama wapi mvua ikinyesha. Hapa Dar vuli huanza Oktoba, na tuta la bondeni litaogelea.

Halafu ni tuta moja tu, jamani. Upana mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo, na urefu mita 3. Nusu mchicha, nusu sukuma wiki. Mchicha unauchuma baada ya wiki 3 au 4, hapo ndipo moyo unapopata nguvu. Nyanya tuziache kwa sasa, mvua huziletea magonjwa.

Samadi iwe imeoza! Mimi mwaka wa kwanza nilimwaga mbolea mbichi ya kuku, miche yote ikaungua. Mama mkwe ananicheka hadi leo.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane kwangu, mje na majembe. Mwenye toroli aje nalo tafadhali. Usiye na uwanja usijitoe: kiroba au ndoo mbovu iliyotobolewa chini inaotesha mchicha vizuri tu.