Kabla hujaupanda Kitonga

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Umeniuliza mwezi gani unafaa kwenda Iringa kwa gari dogo, na kama ule mlima wa Kitonga, kabla ya kufika Iringa, unatisha kama wanavyosema.

Kama likizo inaruhusu, nenda Juni au Julai. Mvua zimekwisha, lami ni kavu, na ukiwa juu unaliona bonde lote la Ruaha, mibuyu imesimama bila majani. Ila beba masweta ya watoto: bondeni watatoka jasho, na usiku huohuo Iringa mjini watatetemeka.

Oktoba na Novemba bonde huwaka. Hapo ndipo rejeta mbovu hujulikana, maana utapanda polepole nyuma ya semitrela, injini inafanya kazi nzito na upepo wa kuipooza haupo. Pumzika Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuanza mlima, injini ipoe, ukague maji, ubebe na lita tano za akiba. Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na ushushe vioo. Mtaungua kidogo, lakini hita inaondoa joto kwenye injini. Ukilazimika kusimama, kizibo cha rejeta usikiguse mpaka ipoe kabisa; yale maji hutoka kwa nguvu na kubabua uso.

Mvua za kwanza, mwishoni mwa mwaka, naziogopa kuliko za Machi. Miezi yote ya kiangazi malori yamedondosha dizeli na oili kwenye kona, na manyunyu ya kwanza hufanya lami iteleze kama sabuni. Tairi kipara haina kazi hapo. Ukungu ukishuka, washa taa za chini. Ful inakurudishia mwanga machoni.

Ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, punguza mwendo papo hapo: mbele kuna lori limekufa, pengine katikati ya kona. Na lori likishaondoka, bado tazama chini. Utingo huweka mawe nyuma ya tairi ili lisirudi nyuma, kisha wengine huyaacha palepale. Jiwe moja la ukubwa wa kichwa linatosha kupasua sampo yako, lile bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana nakusihi usipite pale usiku.

Kupanda, hata hivyo, si kazi. Kazi ni kurudi. Ingiza gia ya pili kabla mteremko haujaanza. Kama ni otomatiki, weka 2 au L. Injini ndiyo ishike gari. Breki ikanyage kwa nguvu kidogo, mwendo upungue, kisha uiachie ipoe. Ukiilalia njia nzima, oili ya breki inachemka, mapovu yanaingia kwenye mipira, na pedali inazama bila kushika kitu. Oili ya zamani huchemka mapema zaidi kwa sababu hunyonya unyevu, kwa hiyo kama yako ina zaidi ya miaka miwili, badilisha kabla ya safari. Ukisikia harufu ya breki kuungua, tafuta sehemu pana, simama, subiri. Usimwagie diski maji, zitapinda. Na usilifuate lori kwa karibu, hata kama linatambaa.

Waambie watoto hiyo ni njia gani. Baada ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wake Novemba 1965 na njia ya mafuta ya Zambia kupitia huko kukatika, mafuta hayo yalipita huku kwa malori, kabla ya lami, na madereva waliiita njia ya jehanamu. Ukishapita Ilula, simama Lugalo kwenye mnara. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa chifu Mkwawa walikishambulia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Wengi hupita mbio wakiwahi mjini, na inaniuma.

Nyanya nunua Ilula, vitunguu Ruaha Mbuyuni wakati wa kurudi, breki zikiwa zinapoa.

Ukifika, nipigie.

Rafiki yako,
Joseph